Mkono wa Mama Kapita

Mama Kapita hakuwa mwanamke mpole. Ninaanza na hilo kwa sababu siku hizi akitajwa pale mtaani kwetu Murara watu wanapanguza macho na kusema alikuwa mama wa wote, na mimi nikisikia hivyo huwa nainuka na kwenda kusonga ugali wangu. Wengi wanaosema hayo hawakuchambua kahawa chini yake. Mimi nilichambua. Nilikaa kwenye meza zake miaka, mgongo umepinda, kucha zimejaa vumbi, na sikumbuki hata siku moja aliyoniita mtoto wake. Aliniita "wewe wa mlangoni", kwa kuwa meza yangu ilikuwa karibu na mlango.

Huko milima ya Masisi alizaliwa kijiji gani, na nani alimzaa, sikumuuliza na hakunieleza. Nilimkuta tayari ni mtu mzima, mjane mwenye watoto watatu, na sauti yake.

Sauti ndiyo iliyotangulia kufika. Asubuhi, kabla filimbi ya kiwanda haijalia, tulimsikia akishuka kwenye njia ya mawe meusi, anatuita mlango kwa mlango. "Bamama! Kahawa haina mume wa kuingojea! Tokeni!" Wanaume walivuta blanketi juu ya vichwa vyao. Sisi tulitoka tukiwa tunafunga vitambaa njiani, tukimtukana kwa sauti ya chini, kwa sababu ya juu angeisikia.

Kiwanda kilikuwa upande wa ziwa, chini ya barabara ya kwenda Himbi walikojenga Wazungu nyumba zao. Lilikuwa jumba moja refu la mabati. Upande mmoja ilisimama mashine ya kukoboa, na mkanda wake mrefu wa ngozi ukizunguka mchana kutwa. Upande wa pili zilikuwa meza zetu. Kahawa ikishakobolewa ilimwagwa mbele yetu, na sisi tukaondoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Wanaume wa mashine walikuwa na makapita wao, yaani wasimamizi. Wanawake wa meza walikuwa na Mama Kapita.

Alikuwa na adhabu yake. Akipita nyuma yako akaona punje nyeusi moja katika rundo lako safi, aliichukua, akaiweka katika kiganja chako, akakufunga vidole juu yake. "Beba hii mpaka jioni," alisema. "Ukienda kula, beba. Ukienda kujisaidia, beba." Na ulibeba. Ulichambua kwa mkono mmoja mpaka filimbi ya jioni, wenzako wakikucheka, na kesho yake macho yako yaliona vizuri zaidi.

Lakini ni yeye huyo huyo aliyefungua mlango. Meneja wa kiwanda, Mzungu mmoja mrefu aliyezoea kuongea akiangalia juu ya vichwa vyetu, alipiga marufuku wanawake kutoka nje kunyonyesha. Watoto wachanga waliachwa chini ya paa la nje pamoja na dada zao, wakalia mpaka wakakauka. Siku ya kwanza Mama Kapita aliendelea kupita nyuma ya meza. Siku ya pili, jua lilipopanda, alikwenda mlangoni akaufungua kwa teke, akapaaza sauti: "Wenye maziwa!" Meneja alikuwa amesimama palepale. Wanawake walisita. Akarudia, safari hii akimtazama meneja badala yetu: "Nimesema, wenye maziwa!" Wakatoka. Tangu siku ile wakatoka kila siku, na Mama Kapita akamlaumu kila mmoja kwa kukawia nje.

Hakupenda huruma, wala kupewa wala kutoa. Karibu na kanisa la misioni kulikuwa na muzee aliyekatwa mguu, aliyeomba kila Jumapili. Watu waliacha vitu vidogo. Mama Kapita alisimama mbele yake, akiwa ametoka kupokea komunyo, na kumwambia kwa sauti ya kiwandani: "Muzee, mikono yako iko mbili. Suka vikapu." Tuliona aibu. Wiki iliyofuata nilimwona Mama Kapita akitoka sokoni na mzigo wa matete kichwani. Aliutupa mbele ya muzee yule pale chini kama mtu anayemtupia mbwa mfupa, akaenda zake bila kugeuka.

Machozi hayakumgusa. Ukilia mbele yake alingoja umalize, kisha akasema: "Machozi iko na chumvi, lakini haipike maharagi." Na neno asante alilitoa kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino. Alisema anayeshukuru haraka anaogopa kuomba tena.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu nikikaa kwenye tabia zake nitaishia kucheka, na sikuanza kusimulia haya ili nicheke.

Mume wake alikuwa hamali wa kiwanda kile kile, mbeba magunia. Alikufa kwa homa. Mjane alipokwenda kuomba kazi, meneja hakutaka kumfungulia kitabu cha kazi. Alisema kitabu cha mwanamke kinaleta maneno mengi. Akamweka juu ya kitabu cha marehemu. Alipofanywa kapita, akabaki kwenye kitabu kile kile. Siku ya mshahara karani wa kiwanda aliita jina la mume, mtu aliyelala makaburini, na Mama Kapita akajibu: "Niko." Mara za kwanza tulicheka. Tulizoea. Wengi wetu tuliitwa hivyo, mimi kwa jina la mume wangu aliye hai, mwingine kwa jina la kaka yake. Tuliona ni mambo ya karani, hayatuhusu, mradi mkono unapokea.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mvua. Mabati yalipiga kelele hata mashine haikusikika, na labda ndiyo sababu ya yaliyotokea. Verediana, mwanamke mdogo aliyekaa meza ya pili, alitumwa kwenye mdomo wa mashine kuchukua kikapu. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, ncha yake inaning'inia. Mkanda uliishika ile ncha. Nilimwona Verediana akirudi nyuma, anavutwa, hajalia bado, uso wake umeshangaa tu kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Wanaume wa mashine walikuwa nje wanafunika magunia yasilowe. Mama Kapita aliruka juu ya meza. Sizidishi: aliruka juu ya meza, kahawa ikamwagika yote, akamfikia, akamkumbatia, akakipasua kitenge kwa nguvu ya mikono miwili. Verediana akaanguka sakafuni. Kitenge kikaenda na mkanda. Na mkono wa kulia wa Mama Kapita, uliokuwa bado umeshika kitambaa, ukaenda nacho.

Hospitali waliukata juu ya kiwiko.

Alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi. Nilikuwa jirani yake, ua wangu na wake vilitenganishwa na ukuta mfupi wa mawe. Asubuhi ya kwanza nilimwona akijifunga kitenge kwa meno na mkono wa kushoto, kikaanguka, akakiokota, kikaanguka. Nikaruka ukuta.

"Toa mikono yako," aliniambia. "Iko mbili, nenda uitumie kwako."

Nikarudi. Nikakaa nyuma ya ukuta nikimsikia akihema na kukitukana kitenge. Ilichukua muda, lakini kilifungwa. Baada ya mwezi alikuwa anamenya ndizi kwa kuikandamiza na goti, na anawachapa watoto wake kwa mkono wa kushoto vizuri kama zamani.

Mahali pake kiwandani waliweka mwanamume. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba hana kazi. Alijua alipomsikia mtu mwingine akitupigia kelele, kwa sauti dhaifu, alisema, kama mbuzi anayekohoa.

Sheria ilikuwepo. Hata sisi tusiosoma tuliisikia: mfanyakazi akiumizwa na mashine, kazi inamlipa fidia, na asipoweza tena kazi yake, anapewa pansiyo, yaani malipo ya kudumu. Hamali mmoja aliyevunjwa mguu na gunia alikuwa anaipokea, tulimjua. Basi Mama Kapita akaenda ofisi ya teritware, ofisi ya serikali ya mji, akaomba. Karani akaandika. Akamwambia angoje. Akangoja msimu mzima wa mvua.

Siku alipoitwa kupata jibu nilikwenda naye. Hakuniomba. Nilimfuata tu, na hakunifukuza. Karani wa teritware alikuwa Mkongomani mwenzetu, kijana mwenye miwani na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma karatasi kimya, akaisoma tena, akavua miwani.

"Mama," alisema, "wamekataa."

"Sababu gani?"

"Wanasema mufanyakazi mwenye kuandikwa kwenye kitabu alikufa kabla ya ile ajali. Mutu mwenye kufa hawezi kuumizwa na mashini. Tena wanasema kiwanda hakijue mwanamuke wa jina lako."

Nilidhani atapiga kelele. Nilimwona akitazama miguu yake, kisha dirisha, kisha karani.

"Hawanijue," alisema.

"Ni vile wameandika, mama."

"Nani alifungua ule mulango kila asubui? Nani alihesabia meneja magunia yake? Ni muzimu?"

Karani aliinama mbele, akapunguza sauti. Alisema kuna njia. Kiwanda kwa huruma kilikuwa tayari kumpa kitu, mara moja, kama mjane wa mfanyakazi wake wa zamani. Karatasi ilikuwa tayari. Ilisema mume ndiye aliyeumia, na mjane anapokea na kuachia madai yote. Aweke kidole tu.

"Ni chakula ya batoto, mama," karani alisema. "Mukono wa nani, si ni neno tu la karatasi?"

Na mimi, nitasema ukweli, nilimvuta kitenge nikamnong'oneza: weka. Nilijua sufuria lake lilikuwa tupu. Niliwaona wanawe wakija kusimama kwenye ukuta wangu saa ya kula, hawaombi, wanasimama tu.

Mama Kapita alikisukuma kidau cha wino kwa kidole kimoja mpaka kikafika upande wa karani.

"Bwana yangu nilimuzika na mikono yake yote mbili," alisema. "Mimi njo nilimwosha. Nilimwosha hii, nikamwosha hii, nikaziweka juu ya kifua. Kama mukono iliyokatwa ni yake, basi nendeni mumufukue, muhesabu."

Karani alikifunga kidau. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayejua anajitafutia matatizo, kwamba mtu akikataa uamuzi anaweza kufanya apeli, kuomba kesi iangaliwe upya na mkaguzi wa kazi anayetoka Bukavu kwa meli. Lakini lazima alete watu waliomwona akifanya kazi.

"Watu niko nao," alisema Mama Kapita. Akatoka bila kuaga.

Alipita nyumba kwa nyumba. Ninyi mnaosema alikuwa mama wa wote, mngemwona siku zile. Hakubembeleza. Alisimama mlangoni, mkono wa blauzi unaning'inia mtupu, akasema: "Ulikuwa pale. Uliona. Njoo useme." Ukimwambia kwamba kiwanda kitakufukuza, alijibu: "Najua." Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Hakutuambia hakuna hatari. Alijua, na aliomba.

Wengi walikataa. Wanawake sita tulikubali. Mume wangu aliniambia nisiende, kisha akaacha kuongea nami. Nilikwenda kwa sababu nilimwona akiruka juu ya ile meza. Kama nisingemwona ningekaa nyumbani, ningelala vizuri, na ningekuwa na kazi.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mnene mwenye mafua, leso mkononi, aliyeonekana kutamani meli ya kurudi. Tulikaa kwenye benchi katika chumba kikubwa cha teritware. Meneja alikaa kwenye kiti. Karani alitafsiri.

Walituita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, mkaguzi aliuliza: "Nani alikuwa kapita wenu?"

"Huyu mama."

"Jina lake?"

Nikafungua mdomo na hapakuwa na kitu ndani. Tulimwita Mama Kapita, watoto walimwita mama, karani wa kiwanda alimwita kwa jina la maiti. Meneja alicheka kidogo kwa pua. Ndipo Mama Kapita akainuka kwenye benchi na kulisema jina lake mwenyewe, lote, la nyumbani na la ubatizo, kwa ile sauti ya kutuamsha asubuhi, hata mlinzi wa nje akachungulia. Silitaji hapa. Alilipigania peke yake, si langu kuligawa.

Kisha wakamwita Verediana. Yeye hakuja upande wetu. Aliletwa na meneja. Mume wake alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja kule Himbi, walikaa katika chumba cha nyuma ya nyumba ile, walikula huko, walilala huko. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameikunja chini ya kitenge.

"Uliona nini siku ya ajali?"

"Sikuona kitu, bwana."

"Huyu mama alikushika?"

"Sijui. Nilifunga macho."

Kwenye benchi yetu mwanamke mmoja aliguna kama aliyepigwa tumboni. Ningeweza kumrukia. Nilimgeukia Mama Kapita nikitaka amrarue, kwa sababu kurarua watu alijua, tulikuwa mashahidi.

Mama Kapita akaomba kumuuliza swali. Mkaguzi akatikisa leso, ndiyo.

"Verediana. Uko muzima?"

"Niko muzima, mama."

"Onyesha mikono."

Verediana akaitoa chini ya kitenge.

"Iko ngapi?"

"Mbili, mama."

"Basi." Akamgeukia karani. "Andika vile."

Akakaa. Verediana alianza kulia, na meneja akamwamuru atoke nje. Mkaguzi hakuuliza kitu kingine. Alipenga kamasi, akatazama mkono mtupu wa blauzi muda mrefu kuliko alivyotutazama sisi wote.

Uamuzi ulirudi na meli baada ya muda. Karani alimsomea mbele yetu, safari hii anatabasamu. Mama Kapita alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile. Iliandikwa, kwa jina lake, lile alilolipaza. Tulipiga vigelegele. Karani akainua mkono tungoje, hajamaliza. Waliona pia kwamba aliacha mahali pake pa kazi bila amri na kuikaribia mashine isiyomhusu. Kwa hiyo kosa lilikuwa nusu la kiwanda, nusu lake. Pansiyo itakatwa nusu.

"Nusu ya kosa ni yangu," alisema.

"Ni vile, mama. Lakini umeshinda."

"Kosa yangu ni gani? Kukimbia?"

"Kukimbia bila amri."

"Waniletee basi nusu ya mukono," alisema. "Nusu ile yao. Mi naikamata hata ile ya chini."

Lakini alikubali. Aliweka kidole, cha kushoto, kwenye karatasi yenye jina lake, kisha akakaa akiitazama alama ya wino kwenye kidole muda mrefu. Ni mara ya pekee niliyomwona ametulia. Apeli nyingine ingekwenda mbali zaidi, na wanawe walikuwa wanasimama kwenye kuta za watu.

Jumatatu yake sisi sita tulifika getini tukakuta mlinzi amepewa majina. Hakuna aliyetupa sababu. Yule kapita mwenye sauti ya mbuzi alisimama ndani akijifanya hatuoni. Tulikaa nje mpaka jua likawa kali, tukasambaa.

Mama Kapita alipata habari kabla sijafika nyumbani. Alikwenda teritware siku hiyo hiyo, akapiga meza ya karani mpaka miwani ikaanguka. Karani alimwambia vibarua wa meza wanaachishwa wakati wowote, hakuna sheria iliyovunjwa, kwa hilo hakuna apeli. Jioni akaja kusimama kwenye ukuta wetu.

"Wamekataa," alisema. "Nimewaambia wote ni mbwa. Wamekataa."

Nilikuwa napepeta maharagi ya mwisho niliyokuwa nayo. Nilimngoja aseme pole. Nilimngoja kweli, nilisimamisha ungo. Neno moja tu. Hakulisema. Nikamwambia aondoke kwenye ukuta wangu, yeye na mkono wake, na kwamba sisi sita tumelipia ile nusu yake nyingine. Akanitazama, akaondoka. Kabla mwaka haujaisha akahamia Mugunga, kwenye barabara ya Sake, ambako alipata kipande cha ardhi katikati ya mawe ya volkano. Sikumsindikiza.

Nilimchukia kwa miaka. Nilichoma makaa nikayauza. Nilibeba mchanga kwa wajenzi, mimba ikiwa tumboni, na kila kikapu nilichopandisha kichwani nilikipandisha na jina la mtu wa kulaumu. Ilikuwa rahisi kumlaumu yeye, kwa sababu meneja sikuweza kumfikia hata kwa matusi, na karatasi haina uso. Verediana nilikutana naye sokoni mara nyingi. Alikuwa anavuka njia kunikwepa. Niliwahi kumtemea mate mguuni. Sijutii, na sijivunii.

Mara ya mwisho kumwona Mama Kapita ilikuwa kwenye ofisi ile ile ya teritware, mwaka mmoja kabla Wabelgiji hawajaondoka. Mimi nilikwenda kutafuta ruhusa ya kuuza sokoni. Kwenye veranda kulikuwa na mstari mrefu wa watu walioumizwa na kazi: wa miguu, wa macho, mmoja aliyeungua uso. Ilikuwa siku yao ya kuangaliwa na daktari. Serikali ilitaka kujua kila mara kama bado wanastahili pansiyo. Yeye alikuwa katikati ya mstari, amekaa chini, nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja, anamkaripia aliyetaka kupita mbele.

Aliponiona hakushtuka.

"Wewe," alisema. "Umekonda."

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kuonyesha munganga kama mukono haijaota." Alisema kwa hasira ya siku nyingi, iliyokwisha kuwa laini kama jiwe la mtoni. "Kila mara ananiambia nifungue kitenge. Anaangalia. Anaandika: haiko. Mara ya mwisho nikamwambia, munganga, ikiota njo nitakuja mbio kukupiga nayo kofi."

Watu wa mstari wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelibeba neno langu kwa miaka na sasa lilikuwa mdomoni.

"Ulitupotezea kazi," nikamwambia. "Sita. Mwenzetu mmoja mume alimfukuza, akarudi kwao Rutshuru na watoto. Ulijua vitakuwa vile, na ulikuja kwenye milango yetu."

Aliyeungua uso akatazama kando.

"Nilijua," alisema.

"Hata pole hukusema."

"Pole ingekurudishia kazi?"

"Hapana."

"Basi." Alinyoosha mguu uliokufa ganzi, akausugua. Nilidhani amemaliza. Kisha akasema, bila kuniangalia, akiangalia mlango wa daktari: "Nilikuwa nalala naona sura zenu. Zote sita. Lakini kama ni leo, kama ni hii asubui, wananiambia tena mukono ni ya bwana yangu, nitakuja tena kwenye mulango yako. Nitakuomba tena."

Hasira ilinipanda upya, mbichi kama ya siku ile ya getini. Nilitaka kuondoka. Nilitaka kuondoka na kumwacha na mlango wake na daktari wake, na miguu yangu ilikuwa imeshageuka. Lakini nilijua jibu langu ni lipi, na lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli.

"Na mimi nitakuja," nikamwambia. "Nitakuja kusema nilichoona. Halafu nitakuchukia tena."

Mama Kapita alisogea, akaacha nafasi sakafuni kando yake, upande usio na mkono.

"Sasa unasimamia nini?" alisema. "Kaa chini. Mustari ni murefu."

Nikakaa.